Tone Chini ya Sakafu

To!

Ndivyo lilivyolia, wanangu, mara moja tu, usiku ule wa kwanza tulipohamia hapa Kizimkazi kutoka Malindi ya mjini Unguja, sikio langu likiwa juu ya mkeka na mkeka ukiwa juu ya sakafu ya jiwe: tone la maji, likianguka mahali penye kina, chini yangu. Sogeeni. Wanu, ninyanyulie mto nipate pumzi. Simai, wewe usikae mbali na mlango. Leo bamvua, bahari inajaa kuliko siku zote, na ikishafika juu kabisa nataka uteremshe ndoo katika kisima kipya cha uani uniletee maji niyaonje. Mpaka hapo nitasema, nanyi mtanisikiliza, na mama yenu aliyenipa mgongo pale kizingitini naye nnajua anasikia.

Watu wa hapa wananijua kwa matope ya visima. Nyinyi mnakumbuka kuwa ujana wangu wote, na utu uzima wangu pia, uliishia dirishani pale Malindi, nikidarizi majoho kwa uzi wa zari, kazi niliyorithi kwa baba yangu naye kairithi kwa baba yake, na bwana harusi hakutoka kwao bila ya kazi ya mkono wangu mabegani. Kisha yakaja Mapinduzi, majoho yakakunjwa yakatiwa makashani, na mwaka huo huo kaka yenu, mwanangu wa kwanza, akapanda mashua ya kwenda Mombasa kutafuta kazi, na hata leo hakuna bandari iliyosema imeiona mashua ile. Mama yenu akatamka neno moja: "Nisisikie jina lake humu ndani mpaka arudi, aitwe, aitike naam mwenyewe." Basi mimi niliyekuwa nikimwita kwa jina la mwanawe huyo, kama waume wanavyowaita wake zao, nikaanza kumwita mama Wanu, na kijana wetu akawa "yule".

Tangu hapo nikawa nikishika sindano mkono unaganda. Ndiyo tukaja huku, kwenye nyumba aliyoachiwa mama yenu na wazee wake, nami nikiamini nimekuja kungoja kufa tu. Na usiku wa kwanza, to!

Nililia, wanangu, si kwa huzuni. Wanawake wa mji huu wanakwenda mwendo mrefu mpaka pangoni kuteka maji, bahari iko hapo inanguruma na chumvi yake, na Mola kaweka maji chini ya ubavu wangu, ndani ya giza lisiloonwa na mtu, yanadondoka kwa wakati wake tangu babu zetu hawajazaliwa. Nani aliyeyapitisha katika jiwe lile gumu, tundu kwa tundu, kwa sindano gani? Mdarizi mzima mimi, nilikuwa sijawahi kuona kazi kama ile, na hata ile nilikuwa nimeisikia tu.

Asubuhi nikaifunga sindano ndani ya kitambaa, nikamwendea Kificho mchimba visima, kijana wa rika la mwanangu, nikamwambia, "Nifundishe." Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee Mcha, mtaimbo huu si sindano. Utaunyanyua?"

"Nitaunyanyua, fundi."

"Usiniite fundi, nnaona haya."

"Na wewe usiniite mzee, nnaona uvivu."

Ami yenu Mkubwa, ndugu yangu, akaja na basi kutoka mjini, na koti lake, akasimama ukingoni mwa shimo nililokuwamo, akaniinamia: "Mcha! Mtoto wa fundi wa majoho unachimba mashimo kama kaa?" Nikatema vumbi, nikaendelea kuchimba, na tangu siku ile hakukanyaga tena hapa. Mwambieni nimemsamehe. Na lile joho jeusi ambalo shingo yake haikumalizwa, mpeni yeye, alivae hivyo hivyo.

Msicheke, mtanikohoza.

Kisima changu cha kwanza nilikionja siku za maji mafu, bahari haijai sana, nikakiona kitamu kama dafu, nikaalika watu, tukapika ubwabwa, tukasoma dua. Bamvua ilipokuja, bahari ikapita chini ya jiwe ikaingia kisimani, na wanawake walioteka asubuhi ile wakatema. "Fundi wa majoho katushonea bahari!" Mpaka leo ndilo jina la shimo lile. Nikataka kurudi Malindi, Kificho akaniuliza, "Kule ukikosea ulikuwa unafanyaje?" Nikamwambia, nafumua. "Basi fumua." Tukalifukia, tukaanza upya mbali na pwani.

Na hapo ndipo nilipoona ajabu ya pili. Kificho alikuwa akipima unyoofu wa ukuta kwa jicho, nami nikaenda kwenye kasha langu, nikafunga kijiwe kwenye uzi wa zari, nikauteremsha shimoni wakati wa adhuhuri, jua likaupiga, na ukashuka ule mstari mwembamba wa dhahabu mpaka kizani, umenyooka, haugusi upande wowote. Kificho akavua kofia. Mimi nilidhani kazi yangu imekufa, kumbe ilikuwa ikinisubiri chini ya ardhi. Kazi yenu nayo ikija kufa mikononi mwenu, msikae kuilinda kama wafiwa. Lazeni sikio chini. Hata kama mna mvi.

Simai, mtaimbo, kamba na uzi ule ni vyako. Usionje kisima kipya ila siku ya bamvua, na ukimaliza kuchimba ita ndani yake kama Kificho alivyotufundisha, maana ukuta ulionyooka huirudisha sauti nzima, na uliopinda huikata. Wanu, cherahani ni yako. Nyumba ni ya mama yenu, msiigawe, wala asiombwe ruhusa ya kuigawa.

Kisima hiki cha uani, nyuma tu ya ukuta huu nilikolisikia tone, nilikiacha mwisho kwa kuwa nilikiogopa. Nimewachimbia watu wote, nikilizunguka tone langu mwenyewe, nikihofia nikilifikia nitakuta chumvi. Mwaka huu kifua kilipobana, Simai na Kificho wakachimba, mimi nimekaa kitini nimeshika uzi. Nataka kiwe sadaka kwa jina la kaka yenu. Na dua haisomwi kwa "yule".

Jina sitalitaja mimi. Mama Wanu, wewe ulilifunga, mimi siwezi kukufungulia. Sikwambii umzike. Kama yu hai, kheri imfikie huko aliko. Kama hayupo, imfikie vile vile. Ila nnakwenda, na sitaki kwenda bila ya kulisikia.

Simai, bahari imejaa? Haya, nenda.

Nnasikia kamba. Nnasikia ndoo inagonga maji. Ee Mola, ni kule kule, ni sauti ile ile... Lete. Shika kata, mkono wangu hautoshi.

Matamu.

Bamvua hii, na matamu. Onja, Wanu. Mpelekee mama yako. Subhanallah... miaka yote, chini ya mkeka wangu.

Mola akufungulieni kila jiwe, wanangu. Akupeni masikio. Nizikeni kwa udongo uliotoka humo kisimani, Kificho aupeleke... asipewe mtu mwengine. Kaeni pamoja. Kaeni...

Nani ameinuka? Mama Wanu, unakwenda wapi? Wanu, niambie, macho yangu yana ukungu. Ameshika ukingo wa kisima? Ameinama?

Nyamazeni. Nyamazeni nisikie.

"Mkadam!"