Unga wa Kapsuli kwenye Kidonda Changu

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Mniruhusu niongee nikiwa nimesimama. Nikikaa, maneno yananikimbia.

Wengi mnajua nilivyoanguka. Nilikuwa nashuka na pikipiki kutoka Maguu, nyuma gunia la kahawa, kichwani mipango tele: nikiuza niteremke ziwani Ngumbo, nichukue dagaa wa usipa, niwalete huku milimani, baadaye nifungue duka. Nikapishana na lori la makaa ya mawe, vumbi likanifumba macho. Nilipofumbua nilikuwa mtaroni, mfupa wa mguu uko nje.

Nikapasuliwa, nikawekewa chuma. Kidonda kikaanza kutoa usaha. Dawa ikabadilishwa, ikabadilishwa tena, usaha uleule. Daktari akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha, "Kijana, tukishindwa hapa, itabidi tuongee habari ya kuukata."

Ndugu zangu, nawaambia, kitanda kilinichoma. Nageuka huku, nageuka kule, nawaza pikipiki inaendeshwaje kwa mguu mmoja.

Wakachukua usaha kwa kijiti cha pamba, wakaupeleka maabara waoteshe wadudu na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Jibu likarudi kwamba hakuna kilichoota.

"Mama, wamekufa," nikamwambia mama yangu. Daktari hakucheka. Usaha anauona, wadudu hawaoni.

Ndipo dada wa maabara akaja mwenyewe wodini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanigeukia. "Kaka, kuna kitu mnaweka kwenye kidonda?"

Nilijua. Kila akija kuniona, mama alikuwa analegeza bandeji, anafungua kapsuli ya rangi mbili, anamwagia ule unga. Kwetu ndivyo tunavyotibu kidonda, na msinitazame hivyo, hata kwenu mnamwagia. Sasa nimtaje mama yangu mbele ya wodi nzima?

"Hakuna," nikasema.

"Kipo," mama akasema. "Namwagia mimi. Na wewe unamficha nani? Mguu ni wako." Akafungua fundo la kanga, akamwonyesha kapsuli.

Yule dada hakumgombeza. Akaeleza kwamba unga unawazuia wadudu wa juu wasiote maabara, lakini waliojificha ndani kwenye mfupa wanaendelea kuishi na kuizoea dawa.

"Kwa hiyo nilikuwa nawafundisha?"

"Kidogo, mama."

"Haya. Shule sikumaliza, ualimu nimeupata uzeeni."

Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Dawa zote zikasimamishwa kwa muda ili wadudu waweze kuota maabara, kidonda kikawa kinaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali tu. Hapo ndipo nilipoteseka. Homa inapanda, na mama anakaa mbele yangu amekalia mikono yake asije akagusa. Wakachukua usaha tena, safari hii kutoka ndani kabisa.

Dada wa maabara akarudi na picha kwenye simu. Sahani imejaa wadudu kama ukungu juu ya ugali uliolala, na juu yake vidoa vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Karibu vyote wadudu wamevisogelea mpaka wakavigusa. Kimoja tu kilizungukwa na duara safi.

"Hii wanaiogopa," akasema.

Nikachomwa sindano za dawa hiyo. Usaha ukapungua, ukakauka. Neno la kukata halikusikika tena.

Goti halikunjiki vizuri, na mipango ndiyo kwanza imeongezeka. Nawashukuru madaktari, wauguzi na dada yule. Nawashukuru ninyi mlionivunia kahawa nikiwa kitandani. Mama yangu yupo hapa, na sitaki mtu amsengenye: aliposema kweli, ndipo mguu wangu ulipopona.

Basi ukiulizwa hospitali umeweka nini kwenye kidonda, sema. Kama aliyeweka ni mama yako, usimfiche. Mpishe aseme mwenyewe.