Golikipa Aliyerudishwa Darasa

Basi la Temeke lilipoondoka Kariakoo, Apolinari, karani wa bandarini, akiwa bado na sare ya kazi, alimwonyesha mama aliyekaa kando yake picha gazetini. "Watatu hawa wamesajiliwa Ulaya, wanalipwa kwa kucheza mpira! Wote wametoka shule niliyosoma mie." Ungedhani na yeye kasajiliwa.

"Na golikipa wao?" mama akauliza.

"Kasiani? Yule alikuwa ukuta! Kombe halikutoka shuleni miaka mitatu."

"Wala yeye hakutoka kidato cha nne," mama akasema. "Ni mwanangu. Kila mwaka anafaulu, kila mwaka mwalimu mkuu anamrudisha, eti timu itafungwa. Mwaka wa kwanza nafasi yake ya kuendelea na masomo akapewa mwenzake asiyejua mpira. Leo Kasiani anabeba magunia hukohuko bandarini kwenu."

Apolinari alilijua hilo. Kila asubuhi alikuwa akipita pale magunia yanapobebwa, akitazama pembeni.

Mama akabeba kikapu chake ashuke. "Na wewe, baba, ulikuwa unacheza namba ngapi?"

Apolinari, ambaye hakuwahi kuvaa jezi hata siku moja, alikunja gazeti polepole, akaendelea kulikunja mpaka basi likasimama.