Shimo Lisifukiwe

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu azime hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu za kushindana na mtu. Msinitazame hivyo. Daktari aliwaambia kule mlangoni nami nilimsikia. Watu hudhani mgonjwa akifumba macho na masikio yameziba. Sina hofu wala uchungu. Miguu ilianza kufa ganzi, ikafuata mikono, na sasa naona hata moyo umeingia kwenye foleni. Jana kitinda mimba wangu alilia hapa mpaka shuka likalowa, nami nikawa namtazama tu, nikijiuliza huyu mtoto analilia nini.

Nyumba hii ni ya binti yangu aliyeniogesha na kunigeuza muda wote huu, na asitokee mtu wa kumsumbua. Nyundo, mitaimbo na toroli mtagawana wenyewe, ingawa nawajua kwa mikono yenu laini, mtaviuza wiki hiyo hiyo. Jirani yetu mfyatua matofali, ambaye hatujasalimiana naye tangu baruti yangu ipasue ukuta wake, nendeni mkamwamkie, mwambieni mzee amechoka kununa.

Limebaki shimo.

Wewe kifungua mimba wangu, najua umemwahidi mwenye malori ya taka kwamba nikishakata roho atayafukia machimbo yetu kwa takataka za mji mzima, kisha mjenge vyumba vya kupangisha juu yake. Sikukasirikii. Zamani ningekurushia kiatu, lakini hasira nayo imeshaniaga. Nisikilize tu. Nimevunja mawe pale tangu ujana wangu, na mama yenu akiponda kokoto pembeni, wewe ukiwa mgongoni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Jiwe lilipokwisha tulikusanya vifaa tukaondoka, na hakuna aliyepanda kitu. Mvua ikalijaza shimo maji, matete yakaota, wakaja vyura sijui kutoka wapi, wakaja bata maji, kisha kenge mmoja mzee mwenye maringo kama mjomba wenu. Mama yenu alipofariki nikawa nakwenda kukaa pale, sifikiri chochote, natazama tu. Kenge anaiba mayai ya bata, bata anameza viluwiluwi, kila mmoja na riziki yake, lakini hata wagombane vipi, hakuna hata mmoja wao anayeweza kuamua kwamba kesho pale pasiwe na kitu. Ni sisi tu tunaoweza. Binadamu aliwekwa duniani afanye nini, sijui, na sitajifanya najua kwa vile nakufa. Ninachoona ni kwamba anayeweza kuwamaliza wote ndiye aliyekabidhiwa wote, apende asipende, na kazi hiyo haina likizo. Usiniambie tena kwamba vyura hawalipi kodi. Ulishaniambia, nikacheka, na sijacheka tena tangu siku hiyo.

Najua pia kwamba nikishaondoka sitaweza kumshika mtu mkono. Karatasi huchanwa, na mashahidi huzeeka wakasahau. Kwa hiyo nimelipanga jambo hili kama mvunja mawe. Njia ya kuingia machimboni ni moja tu, imebanwa na miamba huku na huku, lori likipita dereva anakunja vioo vyake. Niliipasua mwenyewe na hakuna nyingine. Nizikeni hapo. Msinisogeze pembeni kwa adabu. Katikati kabisa, penye alama za magurudumu. Mwenye miguu atanizunguka, na bata wana mbawa zao. Lakini siku lori la taka litakapokuja, wewe mwanangu mkubwa utapanda mbele, ukae na dereva, umwelekeze vizuri jinsi ya kupita juu ya baba yako.

Basi. Nimechoka... Hapana, sitaki maji. Punguzeni mto huu, unanibana shingo.

Msigombane. Mkilishana, mkaulizana hali, inatosha. Mungu awape afya, nyinyi na watoto wenu... awape uvumilivu kwa wale waliokuja shimoni bila kuitwa. Radhi zangu mnazo, nyote... hata wewe. Hata wewe, mkubwa.

Mbona huitikii? Dada yako ameitikia, nimemsikia... Sema basi, baba. Bado nakusikiliza.