Fundi Cheche na Geti la Kisima

Marehemu, ambaye wote tulimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mhunzi na muuza mkaa. Aliishia darasa la sita. Mwalimu alimchapa akimwambia hana akili. Fundi aliinyakua ile fimbo, akaivunja, akamrudishia vipande. Shule ikaishia hapo.

Alijifunza kuchomelea vyuma kwa baba yake. Hasira zake zilikuwa karibu, ila kinyongo hakukijua: akikutukana asubuhi, jioni anakutengenezea jembe bure. Mwaka 1983 alioa, baada ya kutwangana na mashemeji wawili mlangoni. "Aliingia kwetu jino limetoka," husema mjane wake, "nikajua huyu kanitaka kweli."

Watoto wetu walipokwenda kufanya kazi ng'ambo, pesa walizotuma zilitujengea paa la shule, zahanati, na kisima chenye pampu. Mungu awabariki. Mwenyekiti wa chama chao huko alikuwa kifungua mimba wa Fundi. Mwaka huu wakaagiza kisima kiwekewe geti, na Fundi akalichomelea mwenyewe, akidhani ni la kuzuia ng'ombe. Kumbe lilikuwa la kuzuia watu: kaya isiyo na mtu ng'ambo isichote. Siku alipoona walinzi wakimpiga mateke jirani yake, bibi kizee mwenye ndoo tupu, alimpigia mwanawe simu.

"Baba, asiyetuma asinywe. Sisi huku migongo inavunjika."

"Mwanangu, kiu haijui nani ana mtu ng'ambo."

Simu ikakatwa. Mkewe alimsihi awaachie wazee wakae kikao. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alijibu. "Nimelichomelea mimi, nitalikata mimi."

Tarehe 9 mwezi huu alikwenda na msumeno wa chuma, akalikata geti hadi likaanguka. Walinzi, vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe na waliolipwa na mwanawe, walimvamia kwa nondo. Walimvunja mkono, mbavu na fuvu. Naye hakuwa kondoo. Mmoja wao leo hana meno ya mbele. Tusidanganyane kwa kuiita ajali. Alilazwa kwenye zahanati ileile ya pesa za ng'ambo, akafariki alfajiri ya tarehe 12.

Kabla ya kukata roho alimuuliza mkewe, "Watu wanachota?" Mkewe akamjibu, "Wanachota wote." Haikuwa kweli. Geti lilikuwa limeshasimamishwa tena na kufungwa kwa mnyororo na kufuli.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo wake anayesoma maneno haya, na mwanawe wa kwanza, aliyewasili jana na anayeshika ufunguo wa geti.

Mjane ameomba yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema: "Nilimdanganya mume wangu akiwa anakufa. Jeneza halishuki mpaka yule bibi arudi hapa na ndoo ya maji."

Mwanangu, kisima si mbali. Nenda na yule bibi ukamfungulie, tunakungoja. Ukirudi naye, tutamlaza baba yako, naye apumzike kwa amani.