Udongo Uliowaka Jikoni: Kumuaga Mwalimu Wambeti

Mheshimiwa mwakilishi wetu wa wadi, Chifu wetu, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote, wazee wa baraza letu la Njuri Ncheke, wachungaji na mapadri mliotuombea, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wa kikundi cha Rangi za Karia mlioketi huko nyuma mkidhani siwaoni, nawasalimu kwa Kimeru: muuga! Nasema tena, muuga! Haya, hiyo sasa ndiyo sauti ya watu waliokwisha kula.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Mbaka, mwenye mashine ya kusaga unga pale sokoni, kwenye barabara ya kwenda Mikinduri. Nimepewa heshima ya kumuaga Mwalimu Wambeti, aliyewafundisha watoto wetu kuchora, na ambaye anastaafu leo ili arudi kwao Gachoka. Kamati imeniomba nifupishe. Nimewajibu kwamba hata mahindi yakisagwa kwa haraka hutoka chenga tupu.

Ndugu zangu, ni nani hapa mwenye mvi kama zangu asiyeikumbuka Karia ya zamani? Nyinyi wageni mnajua Karia ni kinamasi kilicho huko juu, nyuma ya mashamba ya miraa. Sisi tuliijua kwa nyayo. Tulikuwa tukitoka shule tunapita pale makusudi, tunashikana mikono, tunaruka kwa pamoja, na ardhi yote inatetemeka chini yetu kama godoro, mpaka matete ya ng'ambo yanatikisa vichwa. Mama zetu walikata matete wakiimba, mmoja akianzisha na wenzake wakipokea, na hakuna aliyeruhusiwa kung'oa mzizi. Chemchemi ya chini haikujua kiangazi ni nini. Ule ubaridi wa matope meusi kati ya vidole vya miguu, nikiukumbuka, natamani kulia, na mke wangu atawaambia kwamba mimi si mtu wa kulia.

Kisha tukaanza kuchimba mitaro. Huyu mtaro wa nduma, yule mtaro wa kabichi, na mwingine kwa sababu jirani alikuwa nao. Sitamlaumu mtu, maana mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka mengine yakabaki kama kitambaa cha meza, na watoto walihitaji kula. Lakini chemchemi ikapungua. Ardhi ikakauka, ukiirukia inakuumiza visigino. Na kila kiangazi moshi ukawa unatoka Karia, moshi bila moto, nasi tukasema ni wachoma makaa, na wengine wenu, nisiwataje kwa kuwa mko kanisani kila Jumapili, mkasema ni mapepo.

Wakati huo ndipo Mwalimu alipokuja kuniomba ukuta wa mashine yangu. Nilifurahi sana. Nilijua nitaandikiwa "Unga Safi kwa Mbaka" na gunia zuri lichorwe kando. Niliporudi kutoka mjini Maua nikakuta korongo mwenye taji, matete, na chura mkubwa karibu na mlango. Wateja wakaniuliza, "Mbaka, siku hizi unasaga vyura?" Mwalimu, leo nakwambia mbele ya watu: nilikasirika wiki nzima, na tangu chura yule achorwe sijawahi kukosa mteja.

Sasa sikilizeni jinsi vijana walivyoingia katika kazi hii ya kuchora. Msidhani walikuja kwa kupenda kinamasi. Walikuja kwa kukosa shamba. Mzee Kiunga, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele, alikuwa ameleta mpango wa mtaro mkubwa ukate Karia katikati, maji yote yatoke, na kila kijana apate kipande chake cha kulima. Nani angekataa? Gedion, mwenyekiti wao, alishajinunulia jembe jipya. Mwalimu hakuwakemea. Aliwaambia tu, "Kabla hamjaikata, nisaidieni kuichora, ili watoto wenu wajue ilikuwaje."

Wakachora. Rangi nyeusi ilipowaishia, wakachimba udongo mweusi wa Karia, wakauanika, wakauponda, wakauchanganya na gundi, na weusi wake ukapendeza kuliko wa dukani. Uliobaki wakautia kwenye magunia, wakauweka jikoni kwa Nyanya Kathure, bibi yake Gedion, karibu na mafiga, ili usipate unyevu. Jamani, ni sisi tu tunaoweza kuhifadhi rangi kando ya moto!

Asubuhi moja Nyanya Kathure akaja mashineni kwangu, kanga imejaa masizi. "Mbaka, njoo uone. Udongo wa hawa watoto unaungua."

Nikamwambia, "Nyanya, udongo hauungui."

"Basi njoo uuambie wewe!"

Nilikwenda. Magunia yalikuwa yameteketea, na lile rundo lilikuwa linafuka polepole, bila mwali. Tukamwagia maji. Kesho yake tukakuta linafuka tena. Gedion alichuchumaa pale, kisha akaniuliza, "Mzee, si huu ndio ule moshi wa Karia? Sasa tukikausha kila kitu, si tutakuwa tunalima kuni?"

Mwalimu ndiye aliyetueleza. Udongo ule ni matete ya tangu enzi za mababu, yaliyolala majini bila kuoza yakaisha. Maji ndiyo yanayoyatunza. Ukiyaondoa maji, umebaki na kuni chini ya miguu yako, na chemchemi yako imekwenda.

Mnaikumbuka siku ya baraza la mtaro? Vijana hawakuomba nafasi ya kuhutubu. Waliingia wakiimba nyimbo za mama zetu za kukata matete, ambazo Mwalimu aliwatuma wakajifunze kwa nyanya zao, wakaweka karai la udongo unaofuka mbele ya Chifu. Mzee Kiunga akasema, "Mwagieni maji, tuendelee na mkutano." Wakamwagia. Mzee akaanza kueleza faida za mtaro, naye anaeleza vizuri, Mgala muue na haki mpe. Alipokuwa katikati ya maneno, moshi ukainuka tena. Mtaro mkubwa ukafia hapo.

Tangu hapo vijana hawa wamekuwa wakiziba mitaro midogo kwa magunia ya mchanga na kupanda matete upya. Wanachonga, wanasuka, wanauza, na picha zao zimefika hadi Embu. Gedion alilitumia lile jembe jipya kuziba mtaro wa nyanya yake kwanza. Umebaki mtaro mmoja tu wa zamani, ule mrefu wa shambani kwa Mzee Kiunga, na kila walipomwendea aliwajibu kwamba wa kwake ni wake. Na kila mtu hapa anajua kwamba bila kuuziba huo, maji yataendelea kuponyoka na kazi yote itakuwa bure.

Mwalimu, tumekuandalia blanketi na mbuzi, kama desturi. Lakini leo asubuhi Mzee Kiunga alinivuta kando, akaniambia kwa Kimeru: "Mwambie yule mwalimu auzibe mtaro wangu kabla hajaondoka. Auzibe kwa mkono wake. Mimi nitamshikia gunia." Nikamwuliza mbona asiseme mwenyewe. Akasema ataangua kilio mbele ya wakwe zake.

Mzee, unisamehe. Nimeshasema, na naona umeanza.

Kwa hiyo, Mwalimu, lori la vyombo vyako halitaondoka kesho. Dereva amekubali kungoja mpaka Jumamosi jioni, na Gachoka haitahama. Jumamosi asubuhi sote tuko Karia, gunia la kwanza ni lako. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na Mungu awabariki.