Matroni Devota na Nywele za Bweni la Anna

Devota Lucas Komba, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Agosti 1964 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Muheza. Baba yake, Mzee Lucas Komba, alikuja kutoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mama yake, Bi Mwanakhamis binti Massoud, alitoka Wete, Pemba, akamfuata mjomba wake aliyefanya biashara ya karafuu mjini Tanga. Baba alikuwa Mkatoliki, mama Mwislamu, na kila mmoja alibaki na dini yake. Watoto walibatizwa kwa makubaliano ya wote wawili.

Familia ilihamia Nguvumali, mjini Tanga, mwaka 1970. Huko, majirani wa msikitini walishuku kwamba mama ameacha dini, na majirani wa kanisani walishuku kwamba baba amefanyiwa kitu. Mama alipenda kusema kwamba sahani zake ndizo pekee mtaani zilizorudishwa zikiwa zimeoshwa mara mbili.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Mabawa kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Mwaka 1979 alichaguliwa kujiunga na Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Perpetua. Masista walikuwa wameianzisha mwaka 1957 kwa ajili ya mabinti wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, darasa moja chini ya bati. Wakati wake ilikuwa na mabweni manne. Kengele ililia kabla ya jogoo, wakaenda misa, wakanywa uji, wakabeba ndoo kutoka kisimani, na baada ya sala ya usiku hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka asubuhi.

Matranka yalipekuliwa kila mwanzo wa muhula. Muhula wa mwisho wa kidato cha nne, ndani ya tranka la Devota ilionekana chupa ndogo ya kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani kwa zafarani, ambayo mama yake alimpa anywe kabla ya mtihani. Sista wa zamu alimwamuru akaimwage nje, wenzake wakitazama. Aliimwaga kwenye mawaridi yaliyopandwa mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la tatu, na maisha yake yote alisema waliopata daraja la kwanza mwaka ule ni yale mawaridi.

Baada ya mafunzo ya upishi na ushoni kwa masista, alifunga ndoa na Bwana Timotheo Shemdoe siku ya Jumamosi tarehe 15 Oktoba 1988. Bwana Timotheo alitoka katika familia ya Kilutheri ya Lushoto. Mama mkwe, marehemu Bibi Dorkasi, alikuwa amesikia kwamba mwali ana damu ya Pemba. Alipokuja kuwatembelea mara ya kwanza hakula, akasema jino linamsumbua. Siku ya tatu Bwana Timotheo akamuuliza, "Mama, jino gani hilo linalouma kwa wali wa Devota, kwa wali wa jirani limepona?" Bibi Dorkasi alicheka, akala, na tangu hapo hakuna aliyemtetea marehemu kuliko yeye.

Januari 1991 shule yake ilimwita arudi awe matroni wa Bweni la Anna. Alilea mabinti wa humo kwa miaka ishirini. Waliokaa naye wanakumbuka kwamba alijua nani analia chini ya shuka na nani anajifanya mgonjwa siku ya hesabu, na kwamba wote wawili aliwapelekea chai.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanafunzi walinyolewa barazani. Mabweni mengine yalifagia nywele na kuzitupa shimo la taka. Marehemu alizikusanya zote kwenye kiroba, pamoja na kucha, akaenda kuzifukia nyuma ya migomba. Alifundishwa hivyo na mama yake tangu utoto, kwamba nywele za mtu hazitupwi ovyo, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Mabinti waliona kiroba kikienda na kikirudi kitupu. Hawakumuuliza, naye hakudhani kuna la kueleza.

Julai 2011 binti mmoja wa kidato cha tatu alianguka wakati wa sala ya usiku, akapiga kelele kwamba matroni anamkaba. Kesho yake walianguka wengine, na kabla ya wiki kwisha karibu nusu ya bweni walikuwa wakipandisha mashetani. Padri aliombea, wazazi wengine wakaleta sheikh wao. Mkuu wa shule, Sista Anastazia, alifunga shule na kuita kikao cha wazazi.

Kikaoni mzazi mmoja alisimama akataka matroni aeleze anapeleka wapi nywele za watoto wao. Mzazi mwingine, Mzee Ahmada wa Mabawa, alijitahidi kusaidia. Alisema kwao Pemba nywele huzikwa, ni adabu tu. Ukumbi mzima ukaguna, na mtu wa nyuma akasema, "Si mnaona? Wenyewe wanajuana."

Marehemu hakubishana. Aliomba jembe, akawaongoza mpaka nyuma ya migomba, akachimba mwenyewe. Zilitoka nywele, tabaka juu ya tabaka, nyingine zimeshikana na udongo. Alisema, "Zipo zote. Nilizifukia ili asizichukue mtu." Waliokuwa upande mmoja wa shimo walisema kumbe hakuuza hata unywele. Waliokuwa upande wa pili walisema mmeona sasa, amewazika watoto wetu. Shimo lilikuwa lile lile.

Hakuna barua aliyopewa, ya kosa wala ya kusafishwa. Alihamishiwa bustani ya mboga na akakatazwa kuingia bwenini. Mwaka uliofuata mashetani yalirudi, Devota akiwa kwenye mchicha, na safari hiyo hakuna aliyeitisha kikao. Alifanya kazi bustanini mpaka alipostaafu Agosti 2024. Katika miaka hiyo wapo wafanyakazi waliokataa mboga zake, na wapo waliovuka barabara kumkwepa, kisha wakamtumia mtu kuomba dawa ya mimba.

Alianza kuumwa tumbo mwishoni mwa 2023. Madaktari walisema ni saratani. Alitibiwa Tanga, kisha Dar es Salaam, na Desemba 2024 akaomba arudishwe nyumbani Nguvumali. Mtaani lilipita neno kwamba kazi zake zimemrudia mwenyewe. Sisi tuliomuuguza nasi tulimshuku kila aliyekuja. Uji wake haukuachwa jikoni bila mtu, na mgeni aliyekaa sana aliulizwa jina la baba yake.

Waliokuja zaidi ni wanawake waliokuwa mabinti wa Bweni la Anna. Walijipangia zamu. Wengine walitoka Korogwe na Horohoro, wakamwogesha, wakamfulia, wakamletea supu. Mdogo wake, Ernesti, anayewasomea wasifu huu, alimuuliza mbona hawa wanamhudumia kana kwamba wamekosa. Marehemu akajibu kwamba mmoja wao ndiye aliyeanza kuanguka mwaka ule, na kwamba siku shule ilipofungwa, kabla hajapanda gari, alimfuata akamwambia ukweli. Hakukabwa na mtu. Mama yake alikuwa mahututi nyumbani, ameomba ruhusa mara mbili akanyimwa, na alijua shule haifungwi kwa ajili ya mama wa mtu mmoja. Waliofuata waliingiwa na hofu ya kweli. Yeye hakuwa na kingine isipokuwa hofu ya kufiwa.

Ernesti alikasirika. Alimwambia kwamba alikaa na jina la uchawi miaka yote hii akiwa na neno moja tu la kulifuta.

"Ningelisema, wangemfukuza," akajibu. "Mimi nilikuwa na mume na nyumba. Yeye alikuwa na kidato cha nne mbele yake."

"Na mama yake, alimkuta?"

"Alimkuta. Alimlisha kwa mkono wake."

Aliulizwa ni yupi kati ya wale wanaokuja. Aligeukia ukutani akaomba maji. Familia ilijaribu tena kwa njia nyingi, nyingine za kuaibisha kuzitaja hapa. Tulitazama nani analia, nani halii, nani anaepuka kumtazama usoni. Tulimshuku huyu Jumatatu na yule Jumanne. Devota alikunywa supu ya kila mmoja mpaka hakuweza kumeza tena. Alitoa ruhusa habari hii isomwe leo, bila jina.

Marehemu alifariki alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bwana Timotheo, watoto wawili, Luka na Consolata, wajukuu watatu, na mdogo wake, Ernesti. Siku chache kabla ya kufariki aliagiza kwamba chini ya majina hayo waandikwe mabinti wa Bweni la Anna. Ernesti aliuliza kama ni wote. Akasema wote. Akauliza kama hata yule.

"Utamtoaje usiyemjua?" akasema, na alitabasamu.

Kwa hiyo ameacha pia mabinti wa Bweni la Anna wa kuanzia mwaka 1991 hadi 2011, wote. Wako hapa, wamevaa vitenge vya sare, na tangu asubuhi familia imekuwa ikiwatazama mmoja mmoja. Wameomba wao ndio walibebe jeneza kutoka mlango wa kanisa mpaka kaburini. Tumekubali, na hatukuuliza nani atashika wapi.

Devota, dada yetu, Mungu akujalie amani ile uliyomwachia mwenzako.