Sauti Aliyoijibu Adolphe Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Hodi na kwenu mlio kwenye basi, na kwenu mnaotandika vitanda vya wazee wa watu. Leo tunamkumbuka Adolphe Mushagalusa. Alifariki mwezi wa pili, hapa Croydon, kwa ugonjwa wa moyo. Umri wake, miaka hamsini na saba. Alikuwa msafishaji wa ofisi, mume wa Célestine, baba wa Noëlla.

Siku moja Adolphe alitoka kazi ya usiku saa tatu asubuhi, na badala ya kwenda kulala akaingia maktaba. Mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni alifuata joto tu, maana hita ya nyumbani kwao ilikuwa ya kuombewa. Humo akakutana na mhudumu anayeitwa Sonal, mkazi wa mtaa wa Rayners Lane, ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Sonal akamwonyesha kwamba kadi ya maktaba inamfungulia muziki kwenye simu, bure. Adolphe aliwahi kuongoza kwaya kule Bukavu, basi akaomba muziki wa Wamarekani weusi. Alianza na nyimbo zao za kanisani. Akaenda kwenye bluzi, zile nyimbo zao za huzuni. Kisha akazidi kurudi nyuma, hadi rekodi za zamani za wafungwa wanaoimba huku wakikata magogo.

Humo akamsikia mdogo wake.

Nisubirini niwaeleze. Mdogo wake aliitwa Dieumerci, naye ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye ile kwaya. Vita ilipoingia Bukavu mwaka tisini na sita, wakiwa njiani kukimbia, Adolphe alimwambia, "Rudi kanisani uchukue daftari la nyimbo." Dieumerci akarudi. Hakuonekana tena. Hakuna mwili, hakuna kaburi. Na aliyemtuma ni Adolphe. Nalirudia hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilirudia kila siku, karibu miaka thelathini.

Sasa fikirini. Mtu yuko Croydon, kavaa visikilizio, na mfungwa wa Marekani aliyerekodiwa kabla yeye hajazaliwa anaimba kwa sauti ya mdogo wake. Maelezo ya rekodi yalisema mwimbaji hajulikani.

Tangu siku hiyo Adolphe alikaa jikoni na wimbo ule ule. Mfungwa aliita, Adolphe akaitikia. Mguno mrefu, mguno mfupi, halafu kiganja kwenye meza, pa! Nyumba nzima ilisikia kiitikio tu. Aliyekuwa akiita hawakumsikia, maana alikuwa ndani ya visikilizio.

"Niliogopa kuingia mu jikoni yangu," Célestine aliniambia. "Bwana yangu alikuwa anajibu mutu mwenye mi simusikii."

Alipomuuliza, Adolphe alimweleza, kisha akamwachia maneno haya: "Siku mutanizika, mupige ule wimbo. Dieumerci naye apate kuzikwa."

Huo ndio wosia wake. Hakuacha nyumba wala gari, aliacha wimbo, na jina la wimbo hakulitaja.

Basi akafariki. Na nchi hii, jamani, ina fomu kwa kila kitu. Ukifiwa unaingia mtandaoni, unataarifu mara moja, na ofisi zote zinapata habari. Noëlla ndiye aliyeijaza, kwa sababu mama yake alikuwa analia. Pasipoti, akatia alama. Pensheni, akatia alama. Kadi ya maktaba, akatia alama. Kadi ikafungwa, na orodha ya nyimbo za baba yake ikafungwa nayo.

"It was just a box, Mum," Noëlla alisema, yaani aliona ni kisanduku tu cha kutia alama. Kiswahili anakielewa vizuri, ila Kiingereza ndicho kinachotangulia mdomoni.

Walikimbilia kwa Sonal. "Mama Noëlla, pole sana," Sonal akawajibu. "Card ikifungwa, hata mimi siwezi kuona alikuwa anasikiliza nini. Hiyo ni privacy yake, siri yake." Akamfungulia Célestine kadi mpya, akawaonyesha mahali pa rekodi zile za wafungwa. Zilikuwa mia nne na kitu. Zilibaki siku tisa kabla ya mazishi.

Mama na binti wakakaa pale maktaba, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni. Noëlla, tofauti na mama yake, hakuwahi kuisikia sauti ya Dieumerci, baba yake mdogo. Lakini kiitikio cha baba yake alikijua, kwa kukisikia jikoni kila siku. Kila wimbo ulipoanza alikijaribu. Mguno mrefu, mguno mfupi, pa! Watu waliokuwa wakisoma walimtazama kwa hasira. Mguno haukuingia kwenye wimbo. Wimbo wa pili, haukuingia. Nawaambia kweli, mimi ningekata tamaa siku ya kwanza.

Siku ya sita, mwanamume mmoja kwenye rekodi akaita. Noëlla akaitikia, na mguno ukaingia. Akapiga meza, na shoka likaanguka pamoja na kiganja chake. Célestine alishika mdomo.

"Ni shemeji," akasema. "Ni yeye kabisa. Noëlla, ni yeye."

Noëlla anasema alitaka kuzima simu. Hakuzima. Aliitikia hadi mwisho.

Siku ya mazishi nilikuwepo. Wimbo ulipigwa kando ya kaburi, na kwaya nzima ya kanisa lao iliitikia, kwa sababu Noëlla alikuwa amewafundisha. Célestine alitupa udongo mara moja kwa ajili ya Adolphe. Akatupa mara ya pili kwa ajili ya Dieumerci. Kisha akainama, akachota tena. Nilidhani majonzi yamemchanganya, nikamshika mkono.

"Niache," akaniambia. "Na ule mwenye kuimba, nani alimuzika? Hata jina hawakumuandikia."

Akatupa mara ya tatu.

Wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Nyumbani mwenu yuko mtu anayeguna wimbo. Muulizeni leo anamjibu nani.

Célestine, Noëlla, poleni sana. Ukoo wa Mushagalusa, popote mlipotawanyika, poleni kwa Adolphe, na poleni kwa Dieumerci, pole ambayo hamkuwahi kupewa. Na kwenu, familia ya yule mfungwa, huko Marekani, ambao hatuwajui na hamtujui. Ndugu yenu tumemzika Croydon. Poleni.